Mafanikio ya Baba, Saa za Mama: Hesabu za Ndoa Hapa Dar

Kijana akipata kazi yake ya kwanza hapa Dar, wenzake wa ofisini humwambia, "Jipange kwanza kaka, ukioa mapema umekwisha." Akifika miaka thelathini na tatu, mama mdogo anampigia simu kutoka Songea: "Mwanangu, unamsubiri nani? Mtu haendelei peke yake." Wote wawili wanasema kwa uhakika, na wote wana mifano ya kutosha mtaani.

Kwa maoni yangu ugomvi huu hauwezi kwisha kwa sababu unaichukulia ndoa kama kitu kinachomfanyia kila mtu jambo moja. Ndani ya nyumba moja, ndoa inaweza kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine, mwezi uleule, kwa sababu ileile. Cha kuuliza ni hiki: anayepanda, anapanda kwa saa za nani? Na hicho kinachopatikana kinaandikwa jina la nani?

Tuanze na pesa, maana ndiyo nyepesi kuhesabu.

Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, anakatwa 10%, yaani 100,000. Inabaki 900,000, ambayo ndiyo inayotozwa kodi. Katika hiyo, 270,000 ya kwanza haiguswi. 250,000 inayofuata inakatwa 8%, sawa na 20,000. 240,000 inayofuata inakatwa 20%, sawa na 48,000. 140,000 ya mwisho inakatwa 25%, sawa na 35,000. Jumla ya kodi ni 103,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, anakatwa tena 15% ya mshahara, 150,000. Anachoondoka nacho ni 647,000.

Sasa atafute pa kuishi. Tuseme amepata chumba na sebule, choo ndani, kwa 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 1,400,000 kwa mkupuo, kabla hajanunua hata godoro. Mtu wa peke yake anaikusanya kwa miezi, na miezi sita ikiisha anaanza tena, angalau bila dalali.

Wakiwa wawili wenye kipato hichohicho, mkononi wana 1,294,000, na kodi ya nyumba ni ileile 200,000. Mtungi wa gesi ni mmoja, friji ni moja, LUKU inaongezeka kidogo tu. Kama kila mmoja alikuwa na chumba chake cha bei hiyo, kwa mwaka wanaokoa 2,400,000 kwenye kodi peke yake. Huu ndio msaada wa kwanza wa ndoa, na haudai busara yoyote. Unakuja wenyewe.

Lakini nyumba nyingi haziioni hiyo pesa, na mara nyingi imeliwa kabla ndoa haijafungwa.

Imeliwa na harusi. Kamati inaundwa miezi mitatu au minne kabla ya siku: mwenyekiti, katibu, mhazini, na kamati ndogo za ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na usafiri. Watu wanaahidi. Kosa linafanyika palepale kikao cha pili, bajeti inapopangwa kwa kufuata ahadi. Karatasi inasoma 18,000,000, kamati inafunga mikataba ya 18,000,000, wiki mbili kabla ya siku mhazini ana 11,000,000. Ukumbi unadai baki, mpishi anadai baki, na bwana harusi anakwenda benki kuchukua mkopo wa mshahara wa miezi 24 kuziba pengo. Ile faida ya kuchangia kodi, ambayo ingekuwa mtaji wao, kwa miaka miwili inalipia wali na kuku vilivyokwisha usiku mmoja.

Mhazini makini huwa na safu mbili kwenye daftari, ahadi na taslimu, na haruhusu mkataba wowote kuvuka safu ya taslimu. Kuna jambo jingine wanakamati hulikosea. Pesa ikipungua wanakimbilia kupunguza keki na mapambo, wakati uzito wa bajeti uko kwenye idadi ya watu. Kila mgeni anabeba sahani, vinywaji, kiti na kadi. Kama sahani ni 25,000, kupunguza wageni 100 kunaokoa 2,500,000 kwa chakula peke yake, kabla hujagusa vinywaji. Keki haiwezi kukupa hiyo. Na tukumbuke kuwa mchango ni deni: aliyechangiwa na watu 150 atachangia harusi, ubarikio na misiba yao kwa miaka. Kwa hiyo michango iwe na fungu lake la kila mwezi, lenye kikomo, lisiibiwe kwenye pesa ya chakula.

Niseme neno moja kuhusu asiyeoa au asiyeolewa, maana watu wanamdhania yuko huru. Katika ukoo wa Kitanzania, mtu wa namna hiyo mwenye kazi mjini ndiye benki ya wote. "Wewe huna familia, tusaidie." Ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya mama, mgonjwa aliyeletwa Muhimbili, vyote vinaanzia kwake. Aliyeoa angalau anaweza kusema, "Ngoja niongee na mwenzangu." Sentensi hiyo imelinda mitaji mingi. Tatizo linakuja mke na mume wanapoifanya silaha: kila mmoja anawaambia ndugu zake kwamba mwenzake ndiye aliyekataa. Ndani ya mwaka mmoja mke anaitwa mchoyo ukweni na mume anaitwa bahili kwa wakwe. Njia inayofanya kazi ni kuweka fungu moja la ndugu wa pande zote mbili, kiasi kinachojulikana, na kila mtu awajibu ndugu zake mwenyewe kwa kinywa chake: "Mwezi huu tumefikia mwisho, mama, tuangalie mwezi ujao."

Haya yote ni pesa. Kitu kinachoamua zaidi, ambacho hakuna kamati inayokijadili, ni saa.

Tazama nyumba moja ya Chanika, mume na mke wote wanafanya kazi Posta. Mama anaamka saa kumi alfajiri. Anawasha jiko, anachemsha maji ya kuoga, anapika uji, anamwamsha mtoto anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu, anapiga pasi shati. Baba anaamka saa kumi na moja na nusu, basi likishaondoka. Maji yako tayari, shati liko tayari, chai iko mezani. Wanatoka pamoja, wanakaa foleni moja, wanafika kazini saa ileile. Jioni wanarudi pamoja, mmoja anakaa, mwingine anaingia jikoni.

Hiyo saa moja na nusu ya asubuhi, ukiongeza nusu saa tu ya jioni, ni saa mbili kwa siku. Kwa siku sita za wiki ni saa 12. Kwa wiki 50 ni saa 600. Kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi, saa 600 za kusoma bila kusinzia zinamtofautisha anayepita na anayerudia. Baba akisoma, anafaulu, anapandishwa cheo, na ukumbini kwenye sherehe atasema kwa dhati kabisa kwamba mafanikio yake yametoka kwa mke wake. Ni kweli tupu. Yametoka kwake kama mshahara unavyokatwa, kila siku, kabla haujafika mkononi. Naye mama akiulizwa kwa nini hajaendelea na masomo, atasema majukumu.

Hili si letu peke yetu. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya wanawake na wanaume inajitokeza mtoto anapozaliwa, na kwamba kazi zinazolipa sana ni zile zinazomtaka mtu apatikane muda wowote. Denmark, nchi yenye vituo vingi vya kulea watoto, Henrik Kleven na wenzake walikuta mapato ya wanawake baada ya mtoto wa kwanza yanabaki chini kwa karibu 20% kwa muda mrefu, wakati ya wanaume hayatikisiki. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho, nenda Kariakoo. Mzigo wa mteja wa Lubumbashi au Lusaka ukitakiwa kufungwa saa mbili usiku, anayepata oda ni mwenye duka anayeweza kubaki. Mwenye mtoto mchanga nyumbani amefunga tangu saa kumi na moja jioni. Bidhaa zao ni zilezile na bei ni ileile.

Kwa hiyo mwaka wa mtoto wa kwanza ndipo ndoa inapoamua itambeba nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutarajia, akiwa na cheti cha daktari. Baba anapata siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Hapo ndipo wengi wanapopoteza haki yao: wanakubaliana na bosi kwa mdomo, miezi miwili baadaye bosi anabadilishwa, na zile saa mbili zinaanza kuhesabiwa utoro. Iandikwe barua kabla ya siku ya kurudi, itaje saa yenyewe, kwa mfano kutoka saa nane badala ya saa kumi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani.

Na baba je, na siku zake tatu? Ana likizo ya mwaka ya siku 28. Akina baba wengi huitumia palepale mtoto anapozaliwa, na mara nyingi inapotea, kwa sababu wiki hizo nyumba imejaa. Bibi yupo, shangazi yupo, mtori unapikwa, baba anafukuzwa hata chumbani. Ugumu unaanza wiki ya 13. Siku 84 zimekwisha, bibi aliondoka baada ya arobaini, mama anarudi kazini na maziwa yanamtoka, dada wa kazi ana wiki moja tangu aletwe na hajui mtoto analia njaa au usingizi. Hapo ndipo likizo ya baba inapofaa. Akikaa nyumbani wiki mbili hadi nne, dada anafundishwa akiwa chini ya macho ya mzazi, mama anakaa kazini bila kupiga simu kila nusu saa, na baba mwenyewe anajifunza kumlisha na kumlaza mtoto wake. Aliyekwisha jifunza hawezi tena kusema hajui.

Kuhusu dada wa kazi, ukweli ni kwamba kazi ya mama wa mjini imesimama juu ya mabega ya msichana mwingine. Alipwe kwa tarehe, apumzike siku moja kwa wiki, apewe mkataba wa maandishi. Hata hivyo iko siku ataaga kwenda Krismasi na Januari asirudi. Asubuhi ile nani anabaki na mtoto? Kama halikuzungumzwa, atabaki mama, na mwaka wa tathmini ofisini ataandikwa kwamba hategemeki. Wakubaliane mapema kupokezana: leo wewe, kesho mimi, hadi apatikane mwingine.

Upande wa biashara hadithi ni fupi. Mama lishe au mwenye genge hafilisiki kwa kukosa wateja tu. Mtaji unaliwa na nyumba, hasa Januari. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, viatu na madaftari vinanunuliwa, na waliopeleka watoto shule binafsi wanadaiwa awamu ya kwanza. Mwenye genge ajilipe posho inayojulikana kila wiki, na namba ya simu inayopokea pesa za wateja isiwe ileile anayonunulia vocha na umeme wa nyumbani.

Pengo la nyumba likifichwa, linazibwa na mkopo wa kausha damu. Mke anaogopa kusema pesa ya matumizi haikutosha, au mume anaona aibu kusema kazi imepungua, anakwenda kuchukua 300,000 anayorudisha kwa wiki pamoja na riba. Mwenzake anajua siku friji na televisheni vinapobebwa mbele ya majirani. Wenye nyumba tulivu wamekubaliana jambo moja dogo: mkopo wowote, wa kikundi, wa simu au wa benki, unatajwa kabla ya kusainiwa. Hauombewi ruhusa. Unatajwa tu, ujulikane.

Sasa karatasi. Watu wengi wanaamini kuolewa kunampa mke nusu ya mali moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwacha kila mmoja awe na mali yake, na mali iliyoandikwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, hisa zinachukuliwa kuwa sawa. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ndiyo maana benki hudai kiapo chake. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja.

Nguvu za pamoja ni zipi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Zile saa 600 zikapata jina mbele ya sheria. Wengi wanaishia hapo wanapolisimulia shauri hilo, wakasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa: mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe, naye akazitumia vibaya. Msimamo ulishinda, mhusika akatoka mikono mitupu. Mchango unatambuliwa, lakini mahakama inauangalia pamoja na mwenendo na ushahidi.

Kwa hiyo mnaponunua kiwanja, tuseme Kigamboni au Mbagala Chamazi, mkataba wa mauziano unaosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa uandikwe majina mawili upande wa mnunuzi, sahihi mbili, mashahidi wa pande zote. Risiti za saruji, nondo na fundi ziwekwe bahasha moja, na aliyetuma pesa kwa simu atunze ujumbe wake. Fomu ya warithi kule kazini irekebishwe baada ya ndoa. Zipo nyingi ambazo bado zina jina la kaka aliyemlipia mtu ada ya sekondari. Na wanaoishi pamoja bila cheti wasijidanganye kwa ile miaka miwili. Ni kweli kifungu cha 160 kinajenga dhana ya ndoa kwa walioishi hivyo miaka miwili na zaidi, lakini dhana inaweza kupingwa, na wa kuipinga ni ndugu wa marehemu, msiba ukiwa bado mbichi.

Mtu anayetaka kujua mapema kama ndoa itamsaidia, atazame nini kwa mchumba? Mwaka 2014 Brittany Solomon na Joshua Jackson wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliangalia takwimu za Australia za watu karibu 5,000 walio kwenye ndoa, zilizokusanywa kwa miaka 5. Waliokuwa na mwenzi makini, mtu wa kutimiza anachosema na kumaliza anachoanza, ndio waliofanya vizuri zaidi kazini: kipato, vyeo, kuridhika na kazi. Uchangamfu wa mwenzi haukuwa na nguvu hiyo. Sababu zinaeleweka: mwenzi wa hivyo anashika upande wake wa kazi za nyumbani, tabia zake zinaambukiza, na nyumba inapungua purukushani.

Hapa kwetu kipimo cha umakini huo kipo tayari, na hakimtegemei mganga wala mshenga. Ni kijitabu cha kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Ukurasa mmoja unaonyesha hisa alizonunua kila wiki, ukurasa mwingine faini za kuchelewa, mwingine mkopo aliochukua na tarehe alizorejesha. Kiasi si muhimu sana; mwenye hisa mbili kila wiki bila kuruka ana tabia kuliko mwenye hisa kumi mwezi mmoja na faini miezi mitatu. Mchumba asiye kwenye kikundi chochote, mtazame anavyorudisha deni dogo la duka la Mangi.

Walio ndani ya ndoa tayari wanahitaji daftari la kaunta na nusu saa, Jumapili usiku watoto wakishalala. Ukurasa wa kushoto unaandikwa pesa: iliyoingia, iliyotoka, fungu la ndugu limebaki kiasi gani, nani amekopa wapi. Ukurasa wa kulia, ambao wengi huuacha mtupu, unaandikwa saa za wiki inayokuja: nani anaamka saa kumi siku zipi, nani anamsubiri mtoto basi la shule likirudi, nani yuko huru Jumanne na Alhamisi jioni kusoma au kubaki kazini. Jina la mama likionekana wiki nne mfululizo kwenye kila saa kumi ya alfajiri, wiki ya tano kengele ya simu inahamia upande wa baba wa kitanda.